Motere kuwaka si kupona: kamyo isitoke garajini kwa haraka ya njaa

Kuna neno moja ambalo kila dereva aliyelaza kamyo garajini hungoja kulisikia: "Imewaka!" Hapa Mangobo neno hilo huleta shangwe. Watoto wanakimbia kuangalia, moshi unapanda, honi inalia, na mwenye kamyo anapigiwa simu kule Butembo au Beni aambiwe kwamba kazi imekwisha.

Lakini kazi haijakwisha. Motere iliyofunguliwa yote na kufungwa upya ikiwaka, huo ni mwanzo wa kupona, si kupona kwenyewe. Siku ya kurudishiwa kamyo, ambayo wengi wanaihesabu kuwa siku ya furaha, ndiyo siku inayopashwa kuogopewa kuliko siku zote za matengenezo. Motere nyingi zinazokufa mara ya pili zilianza kufa siku hiyo, mbele ya watu waliokuwa wakipiga makofi.

Asiyejua maisha ya barabara anaweza kufikiri kwamba kamyo ni chombo cha kazi tu. Kwa dereva wa safari ndefu, kamyo ni nyumba. Kisangani ni mji ambao mashua kutoka Kinshasa zinafikia mwisho wa safari yao, baada ya zaidi ya kilomita 1,700 za mto, kwa sababu mbele kuna maporomoko ya Boyoma. Bidhaa za upande wa mashariki zinapita barabara ya kitaifa namba 4: Beni, Komanda, Mambasa, Nia-Nia, Bafwasende, hadi huku. Ni zaidi ya kilomita 700. Mvua ikinyesha na matope yakifunga njia, hakuna anayeweza kutaja siku ya kufika. Dereva na konvoyere wake wanalala katika kabini, wanapika pembeni ya gurudumu, wanaoga mtoni. Sufuria imefungwa kwa kamba nyuma, godoro limekunjwa juu ya kiti, na makaratasi yamewekwa pamoja na nguo za kanisani.

Katika miaka ya 1970 na 1980, wazungu waliotoka Ulaya na malori yao ya safari walikuwa wakipita hapa Kisangani kuelekea Afrika ya Mashariki. Walikuwa na vitanda, vyombo na chakula ndani ya gari, na watu waliwashangaa. Hata leo, huko Ulaya na Marekani, kuna wazee wanaouza nyumba zao wakanunua gari lenye kitanda na jiko, wakazunguka nchi. Dereva wa Kongo hakuchagua kuishi hivyo, wala hayuko mapumzikoni. Lakini jambo moja wanafanana: motere ikifa, kila mmoja anapoteza gari na nyumba siku moja. Nyumba ya dereva imesimama juu ya magogo katika kiwanja cha mtu mwingine, kabini imeinamishwa mbele, motere iko chini juu ya turubai, na yeye anatafuta mahali pa kulaza kichwa.

Hapo ndipo shida yenyewe inapoanzia, na haihusu chuma. Inahusu tumbo.

Posho ya safari huhesabiwa kwa siku za barabara. Siku za garaji hazimo. Mzigo umekwisha kuhamishiwa kamyo nyingine, kwa hiyo hata abiria au mchuuzi wa kumsaidia dereva kwa sahani ya chakula hayupo tena. Juma la kwanza anakula akiba yake. Juma la pili anakopa maharagwe kwa mama wa pale pembeni ya garaji. Juma la tatu konvoyere anakwenda kubeba mizigo sokoni ili wapate makuta ya unga. Nyumbani mke anapiga simu, watoto wamerudishwa toka shuleni. Mtu wa namna hiyo akisikia "Imewaka", hataulizia mengi. Hataulizia ni pistoni gani zimewekwa, mpya au za kamyo iliyokufa. Hataulizia kwa nini motere ilikufa mara ya kwanza. Anataka kupanda ndani na kwenda.

Fundi naye ana haraka yake. Avansi aliyopewa imekwisha kuliwa zamani, vijana wake wanadai, na salio litatoka tu siku kamyo itakapotoka. Mwenye kamyo huko mbali anahesabu kila siku kuwa ni hasara, na mteja anamwambia kwamba kama kamyo haiko tayari, mzigo utapewa mwingine. Hivi watu watatu wana haraka tatu tofauti, na zote zinavuta upande mmoja: kamyo itoke. Katika kiwanja kile hakuna hata mtu mmoja anayepata faida kwa kusema "bado". Hilo ndilo kosa la mpango mzima, na ndilo linalopashwa kurekebishwa.

Tuangalie motere yenyewe. Mara nyingi ugonjwa mkubwa unaanza na kitu kidogo: mpira wa maji umepasuka, au radiyatere imejaa matope. Motere inapata moto kupita kiasi. Dereva hataki kusimama porini usiku, anasukuma hadi kijiji cha mbele. Kichwa cha motere kinajipinda, zhwe iliyo kati yake na bloki inaungua, na maji yanaingia katika mafuta. Ukichomoa kijiti cha kupimia unakuta mafuta yana rangi ya chai ya maziwa. Mafuta ya namna hiyo hayawezi tena kulinda vyuma vinavyozunguka chini. Vyuma vinasagana, na hapo hakuna dawa isipokuwa kufungua yote.

Mafundi wa Mangobo wanajua kazi hiyo, na wanastahili heshima. Wengi hawana karakana yenye paa la maana. Wananyanyua motere kwa mnyororo uliofungwa juu ya miti mitatu. Umeme ukikatika, wanaopeleka vipande kuchongwa kwenye mashini wanangoja. Pyesi zinatoka Kinshasa kwa mto au kwa ndege, au zinatoka Butembo kwa barabara ile ile ambayo kamyo imeshindwa kuipita. Pamoja na hayo yote wanarudisha uhai katika Fuso na Mercedes ambazo kwingine zingeuzwa kama vyuma chakavu. Kama Kisangani inakula maharagwe na viazi vya mashariki, sehemu ya shukrani ni yao.

Lakini fundi hodari vilevile hawezi kushinda maumbile ya chuma. Pistoni mpya, pete zake na silinda zake hazijazoeana. Katika saa za kwanza zinasuguana hadi zikubaliane, na unga mdogo wa chuma unaingia katika mafuta. Ndiyo maana ya rodaji: kwenda polepole, bila mzigo mzito, bila kukanyaga gazi hadi mwisho, kisha kumwaga mafuta na kubadili filtri mapema. Watengenezaji wengi wanataja kilomita 500 au 1,000 za kwanza, kila mmoja na kitabu chake. Toka Kisangani hadi Bafwasende na kurudi ni zaidi ya kilomita 500. Maana yake, safari moja tu ya Bafwasende inatosha kumaliza kazi ya mafuta yale ya kwanza. Ni madereva wangapi wanapewa makuta ya kununua mafuta mengine na filtri nyingine wakifika huko?

Kuna jambo la pili, kubwa kuliko hilo. Kubadilisha pistoni bila kusafisha radiyatere ni kufunga kidonda chenye mwiba ndani. Ikiwa kilichoua motere ya kwanza hakikutafutwa, kitaua na ya pili. Na kutafuta kunataka siku mbili au tatu zaidi, zile siku ambazo watu watatu wenye haraka hawataki kuzitoa.

Wengine watasema: ikifa tena, si itafunguliwa tena? Inategemea inakufa wapi. Kati ya Komanda na Beni wauaji wa ADF wamechoma magari na kuua wasafiri mara nyingi, hata tangu mwaka 2021 jeshi limekuwa likisindikiza magari kwa misafara. Msafara haumngoji mtu wa kurekebisha motere. Na hata mahali penye amani kuna hatari. Motere ikizima katika mteremko, usukani unakuwa mzito kama jiwe, na katika kamyo zinazotumia breki za upepo, mashini inayojaza upepo inasimama pamoja na motere. Dereva anabaki na upepo uliomo katika matanki tu. Juu ya mzigo wamekaa mama wachuuzi na watoto wao. Wao hawakuwapo garajini siku ya makofi, hawakuulizwa kitu.

Basi kifanyike nini? Mambo manne yanawezekana hapa hapa Mangobo, na hakuna linalongoja mradi wa wafadhili.

La kwanza ni karatasi. Ukurasa mmoja, kwa Kiswahili au kwa Lingala, unaandikwa siku kamyo inapoingia na kumalizwa siku inapotoka. Uandikwe tarehe, kilomita zilizo kwenye saa ya gari, ugonjwa ulioonekana, pyesi zote zilizonunuliwa, nani alizinunua, mpya au zilizotumika, pesa ya mikono ya fundi, avansi, na salio. Mwishoni yaandikwe maneno ya garanti: siku ngapi au kilomita ngapi fundi anajibu juu ya kazi yake, na ni kosa gani la dereva linaloivunja, kwa mfano kuendesha bila maji. Watie sahihi wote wawili na shahidi mmoja.

Mafundi wengi wanaogopa karatasi, wanafikiri ni mtego. Wanakosea. Sheria ya Kongo juu ya mapatano, dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, inasema katika kifungu cha 33 kwamba mapatano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa wale walioyafanya. Sheria hiyo inamlinda fundi sawa na inavyomlinda mwenye kamyo. Na tangu tarehe 12 Septemba 2012 nchi yetu iko ndani ya OHADA. Sheria ya OHADA juu ya dhamana, kifungu cha 67, inamruhusu anayedai, ikiwa anashika kihalali mali ya mdaiwa wake, aizuie hadi alipwe yote. Yaani fundi asiyelipwa ana haki ya kuzuia kamyo. Lakini kifungu kinachofuata kinataka deni liwe la hakika, hesabu yake ijulikane, na wakati wake wa kulipwa uwe umefika. Fundi asiye na karatasi ataonyesha nini? Maneno ya simu? Mwenye kamyo atasema walipatana hivi, fundi atasema hivi, na aliyeshika funguo anaonekana mwizi. Karatasi ndiyo inayogeuza jasho lake kuwa deni linalohesabika.

La pili ni pyesi za zamani. Zote zilizotolewa zirudishwe kwa dereva ndani ya mfuko, hata kama ni chuma cha kutupa. Pistoni iliyopasuka inasema ukweli. Silinda iliyochubuka upande mmoja inasema ukweli. Mwenye kamyo akitumiwa picha kwa simu ataona alichokilipia, na fundi mwaminifu ataepuka maneno ya kusingiziwa kwamba hakubadili kitu.

La tatu ni jaribio. Kuwasha kamyo kiwanjani na kuisikiliza inavyolia si jaribio. Iachwe ilale usiku, iwashwe asubuhi ikiwa baridi. Maji na mafuta yapimwe kabla na baada. Siku ya kwanza iende tupu hadi Bangoka, upande wa uwanja wa ndege, na kurudi. Irudi garajini, ikaguliwe chini kama inavuja. Siku inayofuata ibebe nusu ya mzigo, iende hadi Bengamisa kwa barabara ya Banalia na kurudi, kama kilomita 100 kwa jumla, fundi akiwa ndani ya kabini pamoja na dereva. Waangalie mshale wa joto na mshale wa presha ya mafuta. Waangalie moshi: wa bluu unasema mafuta ya motere yanaungua, mweupe usiokwisha hata motere ikipata moto unaweza kusema maji yanaingia, mweusi unasema gazoili ni nyingi au hewa ni kidogo. Gazoili yenyewe ichujwe, kwa sababu ile ya madumu ya barabarani mara nyingine ina maji na uchafu. Kisha ndipo funguo zitolewe na salio lilipwe.

La nne ndilo zito, na linamhusu mwenye kamyo. Alishe watu wake hadi siku ya kukabidhiwa. Posho ya dereva na konvoyere isikatike kwa sababu magurudumu hayazunguki. Anayelala ndani ya kamyo na kuilinda usiku ili betri na magurudumu yasiibwe yuko kazini, hata kama hajaendesha mita moja. Chakula cha watu wawili kwa majuma mawili hakifiki bei ya motere ya pili. Dereva aliyeshiba anaweza kumwambia fundi: "Yaya, bado kuna maji yanavuja pale, tutazame tena." Dereva mwenye njaa hawezi.

Majibu yanayotolewa kupinga hayo yanajulikana. Mwenye kamyo atasema yuko mbali, hawezi kusimamia kila kitu. Ni kweli, na ndiyo sababu anahitaji karatasi na picha kuliko yule aliye karibu. Umbali unamzuia kushika nati kwa mkono wake, haumzuii kutuma posho. Simu inayopeleka pesa ya pyesi inapeleka pia pesa ya unga.

Fundi atasema alijifunza kazi kwa mikono, watu wanamwamini, na hajawahi kuandika garanti. Uaminifu ni kitu kizuri, na hakuna anayetaka kuuondoa. Lakini uaminifu wa jirani ulitosha wakati mwenye kamyo na fundi walikaa mtaa mmoja na kusali kanisa moja. Leo mwenye mali yuko kilomita 700 na hajawahi kumwona fundi kwa macho. Anachokijua ni sauti ya simu tu. Garanti ndogo, hata ya siku 15, ingemfanya fundi aitwe na wengine ambao sasa wanapita Mangobo wakitafuta garaji mahali pengine.

Dereva atasema jambo la kuhuzunisha zaidi: kwamba akikataa kuondoka, patro atampa kamyo mwingine. Hofu hiyo si ya bure. Kazi ni chache na vijana wenye permi ni wengi. Kwa hiyo haifai kumwachia dereva mmoja mmoja vita hivi. Chama cha madereva, ACCO, kinafahamu matatizo ya barabara kuliko ofisi yoyote. Kingeweza kutoa karatasi moja ya mfano, ile ile kwa garaji zote, na kuwaambia wanachama wake: bila karatasi hii na bila jaribio, usishike usukani. Dereva mmoja akikataa ni mkaidi. Mia wakikataa ni kanuni. Ofisi ya tarafa ya Mangobo nayo ingeweza kubandika karatasi hiyo ukutani na kukubali kuwa shahidi kwa wanaotaka, bila kugeuza jambo hilo kuwa kodi nyingine. Siku karatasi itakapolipiwa, mafundi wataikimbia, na watakuwa na haki.

Watu wamezoea kulaumu barabara. Barabara ni mbovu kweli, na serikali inapashwa kuulizwa kila siku. Lakini zhwe iliyofungwa kwa haraka haikuharibiwa na mashimo ya Bafwasende. Iliharibiwa hapa, kiwanjani, na watu watatu ambao hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema "bado". Hili halihitaji lami wala daraja. Linahitaji mtu anayelipwa na kulishwa ili aweze kungoja.

Kwa hiyo mwenye kamyo akipigiwa simu na kuambiwa imewaka, asiulize itaondoka lini. Aulize kwanza kama watu wake wamekula. Kisha aulize kama imekwenda Bengamisa na mzigo na kurudi bila kupata moto. Ikiwa jibu ni hapana, atume makuta ya chakula ya siku tatu na angoje. Siku hizo tatu ni rahisi kuliko mnyororo wa kuvuta kamyo toka porini, na ni rahisi sana kuliko maisha ya mama aliyekaa juu ya magunia.